Kuficha TV Sebuleni Bila Kuipika: Shajara ya Mradi, Kisumu 2025

Naandika hii vile kazi inaenda ili mtu mwenye anataka kufanya kwake asianze ziro. Naongeza kila hatua ikiisha. Kupiga msasa, kupaka vanishi, kufagia vumbi, hizo sitasimulia, nitakaa pale kazi ilikwama na pale pesa ilipotelea.

Vipimo kwanza. TV ni ya inchi 43, upana sm 97 na fremu yake, kwenda juu sm 56, na ikiwa kwa breketi bapa inatoka nje ya ukuta sm 9. Ukuta ni matofali ya kuchoma na plasta, upana mita 3.2, na ndio ukuta wa kwanza mgeni anaona akifunguliwa mlango. Nyumba ni ya kupanga hapa Migosi, so kukata ukuta nizike nyaya hapana, lakini landlodi amekubali mashimo bora siku ya kuhama nizibe na nirudishe rangi yake. Jumuiya husali kwetu na chama pia hukaa hapa, na kila wakati viti vinajipanga vyenyewe kuangalia hiyo kioo nyeusi hata ikiwa imezimwa. Nataka isionekane kama hakuna mtu anatazama, ifunguke kwa mkono mmoja, na isipikike huko nyuma. Mzee wa nyumba hakupenda hii mambo kabisa, alikubali kwa sharti moja, mechi ikianza asiambiwe atafute funguo.

Jumamosi, 8 Februari: kuchuja mawazo

Mawazo ni mengi mtandaoni na mengi hayakupita hata jioni moja. Samsung wana The Frame tangu 2017, TV inajifanya picha ya kuchorwa ukiizima. Ni safi, lakini ningeuza hii yangu kwa hasara, halafu ile picha haijionyeshi bure, inakula stima na mimi ndio nanunua token. TV ya kupanda na kushuka ndani ya kabati kwa mota, swali langu la kwanza ni stima ikipotea ikiwa huko chini tutaitoaje, na hapa stima hupotea. Projekta haiwezi, dirisha langu linaangalia magharibi, saa tisa mchana ukuta wote ni jua. Kioo cha kujitazama chenye TV nyuma yake kinakula mwanga wa picha. Pazia nilijaribu hapo hapo na leso mbili, sebule ikakaa kama wadi ya hospitali, nikatoa kabla mzee hajarudi.

Si eti ni kitu kipya lakini. Wazazi wetu walificha TV zamani, kabati la mbao lenye milango miwili na kufuli, ndani Great Wall ya inchi 14 inatumia betri ya gari, juu kitambaa cha kushonwa kwa mkono, na funguo kwa mfuko wa baba. Zile kabati zilikuwa na akili kuliko nilivyodhani ju nyuma zilikuwa wazi kabisa, hakuna ubao. Kwa nini hiyo ni muhimu mtaona chini.

Zimebaki njia tatu: rangi nyeusi na fremu, kabati ya milango, mlango wa kusukuma.

Jumapili, 16 Februari: rangi na fremu

Hii ndio rahisi kushinda zote so nikaanza nayo. TV nyeusi kwa ukuta wa krimu inapiga kelele, weka ukuta wenyewe uwe mweusi na ile kingo yake inapotea. Nilichukua kijivu cha makaa, galoni ya lita 4, na iwe mati, ile isiyong'aa, si silki, ju silki inarudisha mwanga wa balbu na utaona umbo la TV lote limechorwa ukutani. Lita moja inafunika kama mita mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa ukuta kama huu lita 4 inabaki.

Shida ilikuwa rangi ya chini. Ukuta wa landlodi ulikuwa na silki, na rangi ya mati juu ya silki haishiki. Mkono wa kwanza ulikaa vizuri, wa pili pia, halafu nikavua ile tepu ya kuzuia rangi pembeni ikaja na ngozi nzima ya rangi, kipande kama kiganja. Dawa yake ni msasa namba 120 ukuta wote mpaka ule mng'ao uishe, kuosha na maji ya sabuni, kukausha usiku, kuanza tena. Ukiwa na ukuta wa silki fanya hivyo kabla ya kufungua galoni.

Fremu nilichagua za mitumba soko la Kibuye, tofauti tofauti, nikazizungusha TV bila kufuata mstari. Na hapa kuna kitu picha za mtandaoni hazionyeshi: usiku TV ikiwaka, kila fremu yenye kioo iliyo karibu inacheza rangi za TV. Unaangalia taarifa na pembeni kuna taarifa zingine saba ndogo. Nilitoa vioo kwa zile za karibu nikaweka kitenge na kikapu bapa cha mkonge, zenye vioo nikazihamisha mbali.

Matokeo: usiku, ukiingia mlangoni huoni TV mpaka ukaribie. Mchana dirisha lote liko kwa skrini. Nusu ya kazi imefanyika. Na sebule imekuwa na giza kidogo, balbu ya wati 9 imetoka imeingia ya 15.

Jumapili, 2 Machi: milango ya MDF

Kabati lisilo na kina, sm 110 kwa 70, limezunguka TV, milango miwili inakutana katikati, kila mlango umepakwa rangi ile ile ya ukuta na juu yake mchoro mmoja uliokatwa nusu. Kwa karatasi ilikuwa tamu. Fundi akasema MDF ya milimita 18 ndio imara, mimi nikasema sawa.

MDF ya unene huo mlango mmoja wa sm 55 kwa 70 unafika karibu kilo 5. Fundi alifunga hinji kwa ukingo wa ubao, na ukingo wa MDF ni unga wa mbao uliogandishwa na gundi, skrubu ikiingia pale inapasua katikati kama hujatoboa kwanza. Akasema, "Madam, hii imeshika, haiendi popote." Ijumaa mlango wa kushoto ukaanza kuinama, ukawa unasugua chini, na nikiangalia kwa karibu naona ukingo umefungua mdomo mdogo, skrubu ya juu unaizungusha na vidole.

Hiyo ingerekebishika, unahamisha hinji kutoka ukingoni kwenda kwa uso wa ubao, zile za kabati za jikoni zinazotobolewa shimo la milimita 35. Alifanya hivyo na ikashika kweli. Lakini hinji hizo zinafunguka kama digrii 110 tu. Viti vyetu ni vile vya watu saba vinazunguka kuta tatu, kama kwa kila mtu. Milango ikiwa wazi inasimama kuja mbele, na wale wa kiti cha pembeni wanaona mlango tu. Mama mkwe alikuja Jumamosi akakaa pale pake pa kawaida, akauliza kwa upole, "Mama, na mimi leo nasikiliza redio?"

Kama unataka milango ya kufunguka hakikisha inageuka digrii 180 ilale ukutani, au iwe ya kukunjana. Na utumie kitu chepesi, plaiwudi nyembamba kwa fremu ya saiprasi, si ubao mzima.

Jumapili, 9 Machi: joto

Kabla ya kubomoa kabati nilitaka kujua kitu. Nina kipima joto cha kidijitali cha jikoni chenye waya mrefu, nikaning'iniza ncha yake nyuma ya TV, juu, pale joto linapanda. Kibandiko cha TV kinasema wati 90. Si nyingi, lakini kwa boksi lililofungwa hazina pa kwenda.

Sebule ilikuwa 31°C, Kisumu mchana wa Machi hiyo ni kawaida. Milango ikiwa wazi, masaa mawili, nyuma ya TV ilisoma 37. Milango imefungwa na TV inacheza nyimbo za ibada, na hivyo ndivyo inatumika hapa kwetu Jumapili, watu wanataka sauti tu, ilisoma 46. Vijitabu vya TV nyingi vinaandika mwisho ni 40°C na vinataka nafasi ya kama sm 10 kila upande. Dekoda nayo ilikuwa huko ndani, na dekoda haizimwi, inakaa inapumulia TV moto usiku kucha.

Fundi alipendekeza tutoboe matundu nyuma. Nyuma ni ukuta. Matundu yanatakiwa chini na juu, hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu, matundu ya upande mmoja peke yake hayasaidii sana. Tulikata nafasi ya sm 5 chini na juu ya kabati, ikashuka mpaka 41. Karibu, lakini bado, na milango bado inafunika kiti cha pembeni. Kabati likatoka. Ubao nimeweka, una kazi baadaye.

Alitaka pia kunitengenezea milango ya bati la matundu, eti hewa itapita. Hewa ingepita kweli. Wi-Fi isingepita, wimbi la Wi-Fi la 2.4 GHz lina urefu kama sm 12 na tundu la milimita 5 kwake ni ukuta. TV yetu inachukua intaneti hewani so hapana.

Jumamosi, 22 Machi: reli

Sasa mlango wa kusukuma, ule wa reli ya chuma juu kama wa ghala. Unateleza pembeni, hauji mbele, hakuna boksi, juu na chini ni wazi. Kwa joto ndio njia safi.

Hesabu ya reli: urefu wake uwe mara mbili ya upana wa mlango, hata ukiwa na milango miwili ya kuachana katikati hesabu ni hiyo hiyo. Nilitaka mlango wa sm 110 uifunike TV vizuri, reli ya sm 220. Madukani mjini nilipata ya mita 2 tu. So mlango ukawa sm 100 kwa TV ya 97, kila upande inabaki sentimita moja na nusu, ukikaa kiti cha pembeni unaona ukingo wa TV. Kwa ukuta wa krimu hii ingekuwa kazi bure. Kwa ukuta wa kijivu cha makaa ule ukingo hauonekani, na hapo ndio rangi ya Februari ilijilipa.

Kilichonisumbua ni umbali kutoka ukutani. Reli hizi zimetengenezwa zipitishe mlango karibu na ukuta, nafasi nyuma ya mlango ni kama sentimita moja. TV yangu inatoka 9. Lazima reli isukumwe nje na mbao. Tulifunga saiprasi ya 4 kwa 2 ikilala bapa ukutani, tukajaribu mlango wa kadibodi, ukagonga TV. Tukaongeza 4 kwa 2 nyingine juu ya ya kwanza. Kwa jina hiyo ni inchi 4, yaani sm 10, lakini mbao ikishapigwa randa inchi 2 inabaki inchi moja na robo tatu, so mbili ni karibu sm 9. Ongeza ile moja ya reli, tuko 10, TV 9. Sentimita moja ya kupumua, kumbukeni hiyo namba.

Boliti nazo. Matofali yetu ya kuchoma ni laini ndani, na plasta inaficha viungo. Shimo la kwanza liliangukia kwa kiungo cha saruji na mchanga, drili ikaingia yenyewe, ankaboliti ikawa inazunguka bila kukaza. Ankaboliti za kupanuka kwa tofali laini zinapasua tofali. Tulizitoa tukaweka skrubu ndefu za milimita 8 na rolplagi, sita badala ya nne, kila moja katikati ya tofali. Kujua katikati ya tofali ukiwa na plasta: toboa kwa biti ndogo kwanza, vumbi jekundu ni tofali, vumbi la kijivu ni kiungo, sogea sm 4.

Na usisahau kitu cha kushika mlango chini. Ukining'inia tu unabembea, mtoto akipita mbio unagonga TV. Kile kinachokuja na seti ya reli kinafungwa sakafuni kwa mlango mrefu, wangu unaishia juu ya kabati la chini, lile fupi linalokaa chini ya TV. Tulifunga kipande cha mbao chenye mfereji juu ya kabati, mlango unatembea ndani yake. Nilisugua mshumaa kwa mfereji ukaacha kulia.

Jumamosi, 5 Aprili: msuko

Uso wa mlango sikutaka mbao. Nilitaka kitu kinachopitisha hewa na cha hapa, na Kisumu ukisema hivyo unasema mafunjo ama gugu maji. Mafunjo ni mazuri lakini mashina yake yakikauka ni magumu, yanafaa kupangwa wima. Gugu maji unasokota kamba, unasuka unavyotaka. Lile gugu lilitoka Amerika ya Kusini, limesumbua wavuvi wa Ziwa Victoria hapa tangu miaka ya 1990, angalau lifanye kazi.

Msuko wa kwanza nilinunua kwa haraka, bei nzuri, kijani kibichi kidogo ambacho mimi niliona ni urembo. Shina la gugu maji likiwa bichi zaidi ya asilimia 90 ni maji. Lilimalizia kukauka kwangu. Ndani ya wiki mbili msuko ulilegea kwa fremu mpaka ukaning'inia katikati, na nyuma yake ukungu mweupe. Hasara.

Wa pili nilienda mwenyewe Dunga, kando ya ziwa, kwa mama mmoja ambaye amesuka miaka mingi. Nilimpa kipande cha ule wa kwanza. Alikikunja, akakinusa, akakirudisha. "Nyathina," yaani mwanangu, "hii waliuza kabla ya jua kuimaliza." Akanionyesha zake: kahawia kabisa, nyepesi mkononi, anazilowesha kidogo tu wakati wa kusuka zisikatike, halafu anaacha msuko ukauke tena ukiwa umeshafungwa kwa fremu, ujikaze wenyewe. Nikauliza kama naweza kuja Jumatano. Akasema nije utakapokuwa tayari, atapiga simu. Nikangoja simu.

Alisuka mistari ya ulalo, kamba nene na nyembamba zikipishana, na pale kamba nene inapopita juu ya nyembamba kunabaki tundu dogo la pembe tatu ambalo ukisimama mbele hulioni, ukiweka tochi nyuma ukuta wote unajaa nyota. Kwa joto hayo matundu ndio kila kitu.

Sasa ile sentimita moja. Msuko ulikuwa umefungwa katikati ya unene wa fremu na kamba zinavimba nyuma. Nikauteleza mara ya kwanza nikasikia msuguano, kamba nene inalamba kona ya skrini. Tulifungua, tukahamisha msuko uje usoni mwa fremu, tukaweka na kipande cha plaiwudi cha milimita 6 kati ya mbao mbili za juu. Sasa nyuma kidole kinapita. Mwenye kuanza upya aweke nafasi ya sm 3 kutoka mwanzo na amalize maneno.

Jumatano, 9 Aprili: jaribio la mechi

Jana usiku ilikuwa Arsenal na Real Madrid, saa nne, na mzee alikuwa na wageni wanne. Hii ndio mtihani nilikuwa nangoja. Alisimama, akasukuma mlango kwa vidole viwili, akakaa. Hakusema kitu na mimi sikuuliza. Mlango ukiwa umefunguliwa unafunika zile fremu za upande wa kulia, hakuna mtu alilalamika. Declan Rice alifunga friki mbili, ikaisha 3-0, na nikagundua kitu cha kurekebisha: kwa bao la pili mtu aliruka akagonga ukuta na mlango ukarudi wenyewe mpaka robo ya skrini. Reli haikuwa sawa, imeinama kidogo upande wa TV. Unaweza kuiona kwa pima maji, au weka gololi juu ya reli. Nimeinua upande mmoja kwa washa moja ya boliti na nimekaza stopa za mwisho.

Joto: baada ya mechi nilifunga mlango TV ikiwaka, uchambuzi ukiendelea, nikaacha saa moja na nusu. Sebule 28, nyuma ya TV 34. Siku ya jua la 31 nilirudia mchana, ikawa 36. Imepita.

Jumamosi, 19 Aprili: nyaya na rimoti

TV imefichwa lakini nyaya zinaning'inia chini yake, bado iko wazi kwa kila mtu. Tranki ya plastiki ya 16 kwa 38, imepakwa rangi ya ukuta kabla ya kubandikwa, inashuka wima mpaka kabati la chini. Kichwa cha plagi yetu ya pini tatu hakipiti ndani ya tranki, so badala ya kupitisha plagi juu nilipeleka ekstensheni nyembamba nyuma ya TV, ile kebo ya dishi na HDMI zikapita kwa tranki ya pili. Usibane stima na kebo ya dishi pamoja kama una nafasi ya mbili. TV gadi, ile ya kulinda TV stima ikiruka, iko chini, kubwa sana haifichiki nyuma.

Ule ubao wa MDF wa Machi umekuwa rafu ya dekoda ndani ya kabati la chini na kibao cha pembeni kinachofunika ile nafasi ya sm 10 ukitazama kutoka mlangoni. Rafu ina nafasi wazi nyuma.

Rimoti: ya TV ni ya Bluetooth, inapita hata mlango ukiwa umefungwa. Ya dekoda ni ya mwanga usioonekana, na mbao inaukata. Nilinunua jicho la kurefusha rimoti, kijiwaya chenye jicho upande mmoja na kitaa kidogo upande wa pili. Jicho nimelibandika chini ya fremu ya picha, kitaa kinabandikwa mbele ya dekoda, kinachukua umeme kwa USB. Kilikataa kabisa siku ya kwanza. Kumbe kile kitaa lazima kikae sawasawa juu ya jicho la dekoda, na kwa dekoda yangu jicho limefichwa nyuma ya plastiki nyeusi. Kulipata zima taa, sukuma rimoti karibu sana na uso wa dekoda ukibonyeza, pale inapokubali hata ukiwa umeziba mwanga na mkono mwingine ndio jicho liko. Halafu usichomeke USB kwa TV, TV ikizimwa jicho linazimika na dekoda haitasikia. Chomeka kwa dekoda yenyewe.

Jumamosi, 3 Mei: mvua, ukungu, mjusi

Mvua imekuja na hewa ya ziwa nayo. Msuko wa Dunga haujalegea. Nilipaka vanishi ya mati pande zote mbili, nyuma ndio muhimu zaidi na ndio watu husahau, na kwa kona moja ya chini ambayo brashi haikufika vizuri kumeota ukungu kidogo. Kitambaa na siki, siku nzima ya jua nje, vanishi tena. Mlango unatoka kwa reli kwa kuinua tu, hiyo imenisaidia.

Sikutarajia mjusi kafiri. Nyuma ya TV ni joto, giza, na ule msuko ni ngazi yake. Sasa ziko mbili, na kinyesi chao kiko juu ya skrini kila asubuhi, doa jeusi lenye ncha nyeupe, likikauka linakwangua kioo ukilifuta bila maji. Wale wadudu wa ziwa wakija kwa taa jioni, mjusi anakuja kwa wadudu. Hata nikikaba nafasi ya juu watapita chini, na nikikaba zote joto linarudi. Nimeacha. Nafuta na kitambaa laini chenye unyevu na mlango unafungwa kabla taa ya nje haijawashwa, imepungua.

Jumamosi, 17 Mei: gharama, na kwa wenye TV kubwa

Rangi, rola, tepu na fremu za mitumba 5,350. Kabati la MDF na ufundi wake na tuktuk 9,200. Reli 7,800, mbao za juu na skrubu 1,520. Misuko miwili 7,800, ya kwanza ikiwa 3,000 zilizotupwa, fremu ya mlango na fundi wake 2,600, vanishi 950. Tranki, ekstensheni, jicho la rimoti na vifungio 2,580. Jumla 37,800. Ningerudia leo bila kabati na bila msuko mbichi ingekuwa kama 27,000, hapo nimeweka kipande cha ubao wa rafu. Mtu mwenye 6,000 peke yake afanye rangi na fremu asimame hapo, usiku atapata karibu matokeo yale yale.

Watu wawili wameniuliza vipimo vya TV zao. Ya inchi 50 ina upana kama sm 112, mlango uwe 115, reli 230. Ya 55 ni kama 123, mlango 126, reli 252. Hizo hutapata kwa kipande kimoja hapa mjini, utaunganisha mbili, na pale zinapoungana lazima kuwe na skrubu ya ukutani karibu kabisa kila upande na ukingo upigwe faili, la sivyo gurudumu litaruka kila likipita. Kwa upana huo pia mwombe msukaji aweke mti mmoja wa wima katikati ya fremu, nyuma ya msuko, kabla hajaanza kusuka. Baadaye hauwezi kuongezwa.